Nani Alimpa Holden Ruhusa?

Tangu shule ya msingi tumeimbishwa kwamba umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Ukiuliza mbona, unaambiwa kaa chini. Basi leo nauliza, na nauliza nikiwa na riwaya ya vyombo vya angani mkononi, vitu ambavyo wengi wenu mtasema ni vya watoto. Subirini kidogo.

Riwaya yenyewe ni Leviathan Falls, ya mwaka 2021, kitabu cha tisa na cha mwisho katika mfululizo wa The Expanse. Mtunzi anaitwa James S. A. Corey, lakini hilo ni jina la kalamu la jamaa wawili wa Marekani, Daniel Abraham na Ty Franck. Mliotazama mchezo wake wa televisheni, uliokwisha mwaka 2022, mwisho huu hamkuuona. Mchezo uliishia kwenye kitabu cha sita.

Hadithi kwa kifupi ni hii. Binadamu wamekuta malango angani, yaliyoachwa na viumbe waliotoweka zamani. Malango hayo yanafikisha kwenye mifumo ya nyota zaidi ya 1,300. Watu wamesambaa huko, wamelima, wamezaa. Kumbe matumizi ya malango yanawaudhi viumbe wengine wasioonekana, wale wale waliowamaliza wenye malango. Katika mfumo mmoja, San Esteban, watu wote wanakufa kwa mkupuo.

Ndipo anapotokea Duarte, aliyekuwa mtawala wa himaya ya Laconia, na dawa yake. Anataka kuziunganisha akili zote za binadamu ziwe akili moja, yenye nguvu ya kupambana na adui. Vita basi, upweke basi, mimi na wewe basi. Umoja ni nguvu, si ndiyo?

Msidhani Duarte ni yule adui wa sinema anayecheka peke yake. Anampenda binti yake. Anaamini kabisa kwamba anaokoa watu, na huenda hesabu yake ni sahihi. Ila hakumuuliza mtu. Tazameni yanayompata Kanali Tanaka, mwanamke katili anayewawinda mashujaa wetu. Kumbukumbu za watu wengine zinapoanza kuvuja ndani ya kichwa chake, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa risasi. Msomaji uliyekuwa unamchukia unajikuta uko upande wake. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Tanaka hajui Kiswahili, lakini hilo analijua.

Sasa twende kwa mhusika mkuu, James Holden. Anajidunga ile dutu ya kigeni iletayo mauti, anaingia katika kitovu cha malango, na Duarte anapouawa yeye ndiye anabaki ameshika usukani. Angeweza kuendeleza ule umoja. Anakataa. Anawapa watu muda mfupi wa kuchagua upande wa kukimbilia, kisha anayafunga malango yote, daima, naye akiwa ndani. Rubani wake Alex anakwenda kwa mwanawe. Naomi, mpenzi wake, anarudi kwenye jua letu. Hawataonana tena.

Wasomaji wengi hapo hufuta machozi na kufunga kitabu. Mimi nakwama. Nani alimpa Holden ruhusa? Kuna makoloni yaliyokuwa bado hayajitoshelezi kwa chakula. Yeye mwenyewe analijua hilo kuliko wote. Katika kitabu cha saba, Persepolis Rising, cha mwaka 2017, anatumwa koloni dogo la Freehold kuwatangazia adhabu: lango lao litafungwa miaka mitatu. Anaona hiyo ni hukumu ya kifo kwa raia wasio na hatia, hivyo anamkamata kiongozi wao badala ya kuwafungia wote. Aliyekataa kufunga lango moja kwa miaka mitatu ndiye aliyekuja kuyafunga yote milele. Na ndiye yule yule aliyeanza kitabu cha kwanza kwa kumtangazia kila mtu kila anachojua, akiamini watu wakipewa habari wataamua wenyewe.

Rafiki yangu mmoja tuliyebishana kijiweni alinijibu, "Si alijitoa mhanga? Unataka nini tena?" Hapana, ndugu yangu. Kufa kwako ni malipo ya maisha yako, si ya mtoto wa mwenzio anayelala njaa upande wa pili wa lango.

Hata hivyo simweki Holden kapu moja na Duarte. Kipimo changu ni hiki: baada ya kuamuliwa, je, walioamuliwa wamebaki na uwezo wa kukulaani? Mama aliyekwama kwenye sayari kame, mbegu zimemwishia, anaweza kutazama juu na kusema, "Holden, Mungu akulaani." Ana haki, na mdomo wa kusemea bado ni wake. Duarte angemwachia shibe na usalama, lakini asingebaki mtu wa kulaani wala wa kushukuru. Kwa hiyo nasema Holden alitenda lililo afadhali, na bado anadaiwa. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja.

Sisi tunaoandika tuna tabia ya kufuta deni la shujaa katika sura ya mwisho. Hata watunzi hawa wamejaribu kidogo: karne nyingi baadaye, chombo cha watu wa mbali kinafika tena kwenye jua letu kwa ujuzi wao wenyewe, bila lango. Inatia moyo, sikatai. Lakini walioweza kuja ni wa dunia zilizosalimika. Waliokufa njaa hawatumi chombo, na hakuna sura iliyoandikwa kwa sauti yao. Ningekuwa mimi, ningeiandika hiyo.

Na ile methali yetu siitupi. Naiongezea swali tu: katika umoja huo, asiyetaka anaruhusiwa kutoka? Anayenipinga achukue kalamu, kurasa ziko wazi.