Baba Naye Apimwe: Kuhusu Dawa za Homoni na Kutafuta Mtoto

Swali limetufikia mara nyingi hapa Onduparaka, na pia kutoka kwa ndugu zetu wa Rhino Camp na Imvepi: je, mume Mkristo asiyepata mtoto akimeza vidonge au akichomwa sindano za homoni, amekosa imani? Wengine wanasema uzazi ni siri ya Mungu na daktari asiutie mkono.

Kwa upande huo hatuoni ugumu mkubwa. Isaya alimpelekea mfalme Hezekia habari kwamba atapona, kisha akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (Isaya 38:21). Ahadi ilikuwepo na dawa ikatumika. Homoni ni ujumbe ambao kiungo kimoja cha mwili hupeleka kwa kingine. Mwenye kisukari anajichoma insulini, nayo ni homoni, na hatujasikia mtu akimkemea kanisani.

Ugumu uko kwenye kusema kweli. Tunajua mambo yanavyokwenda. Miaka mitatu inapita bila mtoto, na sisi tuliozika wengi vitani tuna hamu kubwa ya kuona nyumba zinajaa tena. Mama mkwe ananung'unika, wajomba wanauliza mahari ilitolewa ya nini. Mama ndiye anayepelekwa kupimwa, ndiye anayefunga, ndiye anayewekewa mikono kila Jumapili. Baba hajapimwa hata mara moja, maana ana nguvu zake na haoni shida.

Lakini nguvu za kiume ni jambo moja, na mbegu ni jambo lingine. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia shida ya kukosa uzazi wakati fulani maishani, na madaktari wanatuambia kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo, upande wa mume una sehemu yake. Hata Torati inataja utasa wa mume na wa mke pamoja (Kumbukumbu la Torati 7:14). Na Paulo anapoeleza imani ya Abrahamu, anautaja mwili wa Abrahamu uliochakaa kabla hajafika kwenye tumbo la Sara (Warumi 4:19). Sijui ni wangapi kati yetu tumesikia mstari huo ukihubiriwa kwa akina baba.

Sasa tazameni aibu inavyoweza kumdanganya mtu. Baba anaogopa hospitali, basi jioni anapita duka la dawa kuomba sindano ya kuongeza nguvu. Akipewa testosteroni, atajisikia mwanaume kweli kweli, na mbegu zake zitapungua, pengine ziishe kabisa. Ni kwa sababu tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ndiyo inayoziamuru korodani zifanye kazi. Ikiona testosteroni imejaa kwenye damu, inanyamaza, na korodani zinalala. Mwaka 1990 yalichapishwa majaribio ya Shirika la Afya Duniani katika nchi 7, ambapo wanaume walichomwa testosteroni kila wiki, tena kama njia ya kuzuia mimba! Akiacha, mbegu kwa kawaida hurudi, lakini ni kazi ya miezi mingi. Wakati huo wote mke anaendelea kulaumiwa.

Dawa zenyewe za kutibu ni nyingine. Yule ambaye tezi yake haitoi amri huchomwa sindano zinazoleta amri hiyo, mara kadhaa kwa wiki, kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Mbegu mpya huchukua karibu miezi 3 kukomaa, kwa hiyo asitegemee jibu baada ya wiki mbili. Moja ya sindano hizo ni homoni ambayo mwili wa mwanamke mjamzito hutengeneza, ile ile inayoonekana kwenye kipimo cha mimba. Akina baba wanaodharau wake zao wafikiri kidogo hapo. Wengine hupewa vidonge vya klomifeni, vilivyotengenezwa kwanza kwa ajili ya akina mama. Vinawafaa baadhi tu. Na kama mirija imezibwa na kisonono cha zamani, homoni haiwezi kuifungua. Ndiyo maana kipimo kinatangulia dawa.

Kuhusu kutoa mbegu za kupima, wengine wanatuletea habari ya Onani (Mwanzo 38). Onani alikataa kumpa ndugu yake uzao. Kumtumia kumzuia mtu anayetafuta uzao ni kuigeuza habari hiyo chini juu. Kama dhamiri bado inamsumbua, amwulize daktari kuhusu mpira maalumu usio na dawa ya kuua mbegu, ili akusanye akiwa na mkewe.

Mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Arua, waende wote wawili. Vipimo vingine vinaweza kuwafikisha Kampala, na hapo gharama inakuwa nzito. Sisi tunasema hivi: mbuzi anaweza kuuzwa, lakini posho ya watoto wengine walio ndani ya nyumba isiguswe, wakiwemo yatima mliowapokea njiani. Na uamuzi wa kuuza usifanywe na baba peke yake.

Linabaki swali gumu kuliko yote. Kipimo kikionyesha shida iko kwa baba, na dawa haisaidii, je, ni lazima ukoo uambiwe? Wako akina mama wanaojua ukweli na wameamua kunyamaza ili mume asichekwe. Ni upendo mkubwa, lakini mume hana haki ya kuudai. Halazimiki kutangaza majibu ya hospitali mbele ya wajomba. Analazimika kuyaondoa maneno juu ya mke wake, na kwa hilo inatosha asimame siku ya kikao aseme: tumepimwa wote wawili, huyu mama hana kosa, na asiitwe tena kwa ajili ya jambo hili.