Theluji Inasukumwa kwa Nani?

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7
Ujumbe wa ibada ya pili, kutoka kwa Pasta Msaidizi

Kabla hujaendelea na ukurasa huu, fungua Matendo sura ya 6 usome aya saba za kwanza polepole. Nitakungoja.

Umeona? Kanisa la Yerusalemu linakua, kila siku kuna mgao wa chakula kwa wajane, na kuna wajane wanaorukwa. Si wote. Wanaorukwa ni wale wa jamii inayosema Kiyunani. Wale wa Kiebrania sahani zao zinafika. Basi watu wakaanza kunung'unika. Leo nataka tukae hapo hapo kwenye manung'uniko, na nitawapeleka mbali kidogo, mahali penye baridi, kwa sababu kuna swali nililoulizwa ambalo limeninyima usingizi.

Dada mmoja tuliyembatiza hapa anaishi Marekani, katika mji mdogo wa jimbo la Minnesota, na kazi yake ni kutunza wazee. Zamu yake inaanza saa moja asubuhi. Majuzi alinitumia ujumbe wa sauti, na nimepata ruhusa yake kuusimulia. "Pasta, leo ni siku ya tatu. Barabara kubwa imesafishwa mpaka lami inaonekana. Yetu ya mtaani hata lori moja halijapita. Na lile lililosafisha barabara kubwa limeniachia ukuta wa barafu mdomoni mwa geti. Nimechimba na beleshi saa nzima. Nimefika kazini nimechelewa, na mwenzangu wa zamu ya usiku amevimba kwa hasira. Majirani wote wanalalamika. Sasa Pasta, nami nikilalamika ni dhambi?"

Wengi wetu theluji tunaijua kwa mbali tu, ile nyeupe ya Kirinyaga asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Kule inakuja mpaka mlangoni. Zaburi ya 147 inasema ni Mungu anayeitandaza kama sufu, kisha inauliza ni nani awezaye kusimama mbele ya baridi yake. Sisi tunaisoma haraka tukielekea aya nyingine. Mtu wa Minnesota akiisoma anatingisha kichwa.

Kazi ya kusafisha si rahisi, na lazima tuwe waungwana kwa wanaoifanya. Lori kubwa linafungwa jembe la chuma mbele, nyuma linamwaga chumvi. Chumvi yenyewe haina moto. Inachofanya ni kuyazuia maji yasigande upesi. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inashindwa, hata ukimwaga gunia zima. Na Januari ya Minnesota inashuka chini ya hapo mara nyingi tu. Kwa hiyo kuna asubuhi dereva amekesha, chumvi amemwaga, na bado barabara ni kioo. Kumtukana huyo ni kumwonea.

Tena kuna utaratibu. Chukua Minneapolis, mji mkubwa kuliko yote wa jimbo hilo. Dharura ya theluji ikitangazwa, usiku wa kwanza kuanzia saa tatu wanasafisha barabara kuu. Siku ya pili wanaingia mitaani, upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, upande wa namba witiri. Ukiacha gari upande usiofaa unapigwa faini na gari linavutwa. Na njia ya miguu iliyo mbele ya nyumba yako ni mzigo wako mwenyewe; mwenye nyumba ya kawaida anapewa saa 24 awe ameisafisha. Huo ni mpango mzuri, ulioandikwa, unaojulikana. Lakini hata mpango mzuri una mtu wa mwisho kwenye foleni, na huyo wa mwisho bado anatakiwa kazini saa moja asubuhi.

Sasa sikia. Kabla sijaitwa kwenye huduma nilisomea biashara, na kuna jambo moja la darasani ambalo nimeliona kanisani kuliko nilivyoliona sokoni: gharama mara nyingi haifi, inahama. Lile jembe la chuma haliondoi theluji. Linaisukuma. Kilo zile zile zilizokuwa katikati ya barabara sasa ziko pembeni. Na pembeni kuna nini? Kuna geti la dada yetu. Kuna kituo cha basi. Kuna kivuko anapopita mama na kigari cha mtoto, na mzee wa kiti cha magurudumu. Ripoti ya ofisini itasema kilomita kadhaa zimesafishwa, na itakuwa kweli. Lakini sijawahi kuona ripoti yenye safu ya kuhesabu malundo yaliyoachwa, na mbele ya nyumba ya nani.

Kuna mji wa Sweden unaitwa Karlskoga, watu wake walikaa chini wakajiuliza swali hili. Waligundua kwamba kuanza na barabara kuu kunawafaa zaidi wenye magari, na wengi wa hao asubuhi ni wanaume. Wanaotembea kwa miguu, wanaopeleka watoto shule za chekechea, wengi ni wanawake. Na ukweli ni kwamba gari linaweza kupita kwenye theluji ya sentimita kumi, lakini kigari cha mtoto kinakwama. Wakageuza foleni: njia za miguu na za karibu na chekechea kwanza. Stockholm nao walijaribu, na theluji kubwa ya Novemba 2016 ilipolemea jiji, watu waliwacheka sana. Sisemi dawa yao ni kamili. Nasema angalau waliuliza.

Chicago haikuuliza. Januari 1979, tarehe 13 na 14, theluji ya zaidi ya nusu mita iliangukia jiji ambalo lilikuwa bado halijamaliza kuondoa ile ya mwaka mpya. Barabara zikafungwa, watu wakakimbilia treni, treni zikajaa. Meya Michael Bilandic na watu wake wakaamua treni ziruke baadhi ya vituo ili wanaotoka mbali wafike mapema. Kwenye karatasi hiyo ni hesabu nzuri. Lakini vituo vilivyorukwa vilikuwa kwenye mitaa ya watu weusi. Hebu simama hapo kidogo, kwenye jukwaa la stesheni, baridi inakata masikio, unaona treni inakuja, unaona nyuso za watu ndani, na haisimami. Inakupita. Umelipa kodi kama wao.

Meya aliendelea kusema mambo yanakwenda vizuri. Alitangaza kwamba viwanja vya kuegesha vya shule vimesafishwa, watu watoe magari barabarani wayapeleke huko. Walioenda wakavikuta vimejaa theluji. Februari 27 ulikuwa uchaguzi wa mchujo wa chama chake, chama kilichotawala jiji hilo miaka mingi bila wasiwasi. Akashindwa na Jane Byrne, mama ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemfuta kazi. Byrne akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Chicago. Waliorukwa na treni walikuwa wamehesabu.

New York ilikuwa imepita huko miaka kumi mbele. Februari 1969 theluji iliangukia jiji zima, lakini Manhattan ikasafishwa huku mitaa ya Queens ikikaa siku kadhaa imefukiwa. Watu 42 walikufa, nusu yao Queens. Meya John Lindsay alipokwenda kuwaona, gari lake likakwama, watu wakamzomea. Mmoja wa waliomtumia simu ya maandishi kulalamika alikuwa Ralph Bunche, mkazi wa Queens, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, afisa mkubwa wa Umoja wa Mataifa. (Huyu Bunche, kwa taarifa yenu, aliwahi kujifunza Kiswahili London, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta.) Mtu aliyepatanisha mataifa hakuona ni udogo kuandika kwamba barabara yake haijasafishwa. Lindsay baadaye alikiri kwenye televisheni kwamba alikosea kuhusu theluji ile, na Novemba mwaka huo akachaguliwa tena. Kiongozi anayekiri bado ana nafasi.

Najua kuna mpendwa tayari amefungua Wafilipi 2:14 ananingoja mlangoni. Paulo anatukataza kunung'unika, sindiyo? Ndiyo. Na wana wa Israeli walinung'unika jangwani wakaangamia. Lakini angalia hili: katika Kigiriki, neno la manung'uniko kwenye Wafilipi 2:14 ni lile lile lililo kwenye Matendo 6:1. Luka hakuwatafutia wale wajane neno la heshima zaidi. Yalikuwa manung'uniko. Na mitume wakafanya nini? Hawakuhubiri juu ya dhambi ya kunung'unika. Hawakuwaambia wajane wafunge na kuomba siku tatu. Hawakuuliza nani anaongoza uchochezi huu. Walilichukua lalamiko kwa uzito, wakashughulikia meza.

Wahubiri tunapenda ile sehemu mitume wanasema haifai waliache Neno wahudumie meza. Tunaitumia kukimbia meza. Soma mbele. Kwa kazi ya meza walitaka watu waliojaa Roho na hekima, si yeyote aliye na nafasi Jumamosi. Kisha tazama majina saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Watu wa upande uliorukwa ndio waliopewa kijiko cha kugawa. Nilisoma miaka minne chuo kikuu na sikufundishwa uongozi wa namba hiyo. Na aya ya 7, baada ya meza kutengenezwa, Neno likaenea na wanafunzi wakaongezeka sana. Luka ameweka uamsho hapo, nyuma ya mgao wa chakula.

Kwa hiyo nilimjibu dada yetu: lalamika. Piga simu ofisi ya mji, taja barabara, taja siku, taja saa, taja huyo mzee uliyemchelewesha. Usimtukane dereva. Usiishie kulia na majirani kwenye simu usiku, kwa maana hapo ndipo manung'uniko yanaoza. Kisha nikamuuliza, "Hiyo theluji uliyoichimba getini, uliimwaga wapi?" Akanyamaza. Halafu akacheka. "Kwa njia ya jirani, Pasta." Jirani yake ni mama mzee anayeishi peke yake. Jioni ile, akitoka kazini, alishika beleshi tena.

Sasa nirudi nyumbani, na nimezungumza na Mchungaji Kiongozi kabla ya kuandika haya. Mnajua kamati imepanga kuweka kabro uwanja wa juu, pale tunapoegesha magari. Mchango umefika pazuri na ninawashukuru waliotoa. Lakini wengi wenu hamuingii kwa geti la juu. Mnashuka matatu stejini, mnaingia geti la chini, na mvua ndefu zikianza mnavua viatu. Leo maji ya uwanja wa juu yanazama kwenye udongo kiasi. Siku tutakapoufunika kwa kabro hayatazama. Yatateremka. Na chini ya mteremko ni geti lenu, na darasa la watoto.

Sisemi kamati ina nia mbaya. Hata waliopanga treni za Chicago waliona wanaokoa muda. Ninasema mchoro niliouona hauna mtaro, na njia ya geti la chini imeandikwa "awamu ya pili". Maoni yangu ni kwamba mtaro na njia hiyo vitangulie, magari yakanyage murram mwaka mmoja zaidi. Likiwemo langu.

Mkutano ni Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, kwenye ukumbi wa watoto. Nimeomba, na nimekubaliwa, kwamba wanaoingia kwa geti la chini wazungumze kwanza, kabla mweka hazina hajasoma hesabu. Mama, usiseme hujui kuongea mbele ya watu. Sema tu maji yalikufika wapi mwaka jana.

Tuombe. Baba, wako wanaokesha usiku huu wakisafisha barabara za wengine kwenye baridi. Uwalinde mikono na macho. Wako wanaongoja kwenye vituo vilivyofukiwa, wafikishe. Na Jumapili utuketishe chini tusikilize. Kwa jina la Yesu, Amina.