Vali Kubwa katika Gari la Kale

Lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachofanya kazi ya viwili. Seremala akitoa meza katika mbao tupu, twasema ameitengeneza. Na meza hiyo ikivunjika mguu, naye akaurudisha mahali pake, twasema vilevile ameitengeneza. Kuumba na kuponya vimekaa katika nyumba moja, na aghalabu hatuoni dhiki yoyote. Mimi naiona, kwa kuwa kazi yangu ni kufasiri, na safari hii nimeiona katika jambo ambalo wapenzi wa ushairi wataniwia radhi kuwaletea humu: injini ya gari la kale, na mtu atakaye kuitia vali kubwa kuliko zile ilizozaliwa nazo.

Gari lenyewe ni Morris Minor, lile la mgongo wa kobe, ambalo walio rika langu hawana haja ya kuelezwa. Mpwa wangu amelirithi moja kutoka kwa babu yake mzaa baba. Aliniletea kurasa kadhaa za kitabu cha Kiingereza cha kuongeza nguvu za injini, nimfasirie fundi wake, mtu hodari wa mikono ambaye Kiingereza hakukisoma. Kufasiri usilolielewa ni kusema uwongo kwa sauti ya mwenzako, basi nikakaa na fundi huyo siku kadhaa, silindahedi ikiwa juu ya meza baina yetu, hadi nikaelewa.

Injini ni kiumbe cha kupumua. Juu ya kila silinda mna milango miwili: vali ya kuingiza hewa iliyochanganyika na petroli, na vali ya kutoa moshi. Pumzi ikizidi, moto huzidi, na nguvu huzidi. Katika silindahedi ya injini ya sentimita 1275 za ujazo, ya ukoo uleule wa injini za Morris, vali ya kuingiza ina kipenyo cha milimita 33.3 hivi. Wapenda mbio huing'oa wakatia ya milimita 35.6, kama ile iliyokuwamo katika Mini Cooper S. Tofauti ni milimita mbili na kitu, nayo huongeza eneo la vali kwa asilimia kama 14. Kwa hesabu ya karatasini ni faida kubwa kwa kazi ndogo.

Walakini karatasi haipumui. Vali inapoanza tu kufunguka, hewa hupita kwenye upenyo wa kando yake, na upenyo huo hufuata mzingo, si eneo. Mzingo umeongezeka kwa asilimia 7 tu. Kisha vali iliyonenepa huukaribia ukuta wa chumba cha mwako, chumba chenye umbo la moyo kilichobuniwa na Mwingereza Harry Weslake, na ukuta huo huiziba kwa upande mmoja. Tena, katika injini hizi silinda nne huvuta pumzi kwa njia mbili tu, kila njia ikitumikia silinda mbili. Utapanua mlango, ukumbi utabaki uleule. Na injini ikienda polepole, pumzi inayopita katika njia pana hulegea mwendo, ikaja kivivu. Gari likapata nguvu kwenye barabara kuu na kuzipoteza vichochoroni. Nani kati yetu hana ndugu aliyepanda cheo akawa hivyo?

Na bado sijasema la kukata. Vali kubwa haikai mahali pa ndogo mpaka chuma kikatwe. Kila vali ina kiti chake, mzingo mwembamba inaoulalia ikijifunga, na baina ya kiti cha vali ya kuingiza na cha vali ya moshi pana daraja la chuma cha kusubu. Ukivipanua viti vyote viwili, daraja hubaki jembamba mno. Vali ya moshi haipozwi na hewa mpya kama mwenziwe. Joto lake hulimwaga kwenye kiti kila inapojifunga, na daraja jembamba likishindwa na joto hilo hupasuka. Silindahedi za Cooper S zilijulikana kwa ufa huo. Waundaji wenyewe, walipotoa MG Metro mwaka 1982, waliibakiza vali kubwa ya kuingiza lakini ile ya moshi wakaipunguza hadi milimita 29.4 hivi, ili daraja lipate unene. Injini ilikuwa imewafunza, kwa gharama za wanunuzi.

Sasa wako watakaoniambia: usimguse marehemu, gari la kale na libaki katika asili yake. Nawaheshimu, lakini nauliza, asili ipi? Morris Minor lilipooneshwa London mwaka 1948 lilikuwa na injini ya sentimita 918 za ujazo ambayo vali zake hazikuwamo katika silindahedi hata kidogo. Zilikaa ubavuni, ndani ya bloku. Injini yenye vali juu ilikuja 1952, Austin na Morris walipounganishwa, nayo ilikuwa ya 803. Mwaka 1956 ikawa 948, na mwaka 1962 ikawa 1098. Waliolibuni hawakuacha kulikata na kulipanua maisha yake yote. Mwenye la 1962 anayeapa kwa jina la asili anaapa kwa mabadiliko ya tatu.

Tena ulimwengu nao hubadilika ukakibana kitu kilichobaki vilevile. Petroli ya zamani ilitiwa madini ya risasi, na risasi hiyo ilitandaza utando uliovilinda viti vya vali ya moshi. Ilikuwa sumu kwa watoto, na ni heri imekwisha: kusini mwa Sahara iliachwa kufikia mwanzo wa 2006, na duniani kote mwaka 2021. Lakini silindahedi kuukuu yenye viti laini, ikinyweshwa petroli ya leo na kuendeshwa kwa nguvu, viti vyake huliwa. Dawa ni kuvichimba na kupachika pete za chuma kigumu. Kwa hiyo hata yule asiyetaka kubadilisha kitu, kama anataka gari litembee, yampasa kukata.

Basi ubaya, kama upo, haumo katika kukata. Wala haumo katika kuongeza. Miaka ya 1960, katika kijiji cha Downton huko Uingereza, Daniel Richmond alizichonga silindahedi za aina hii kwa ustadi uliomfanya ajulikane mbali, na leo kazi ya karakana yake hutafutwa kwa pesa nyingi, tena kwa jina hilohilo la asili. Mkono wa fundi stadi ukipita juu ya kitu, nao huingia katika nasaba yake.

Mimi naiona amana penginepo. Chuma kilichokatwa hakirudi. Akatapo mtu kwenye kitu kilichomfikia kutoka kwa waliotangulia, anawakatia na wale wasiokuwapo, ambao hawakuulizwa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu majengo ya kale unataka kipande kipya kipatane na jengo, lakini kitambulike kuwa ni kipya, kisimdanganye mtazamaji. Sisi wa visiwani tunalijua somo hili kutoka kwenye kuta zetu: nyumba ya mawe na chokaa ikizibwa kwa saruji kwa nia njema, unyevu hufungika ndani, na ukuta ukaumwa na tiba yake. Na waliowahi kushika miswada ya tenzi wanalijua kwa njia nyingine. Mnukuzi alikuta kipande chenye mizani saba, akakitia kijineno kitimie nane, wala hakuandika pambizoni kwamba ni chake. Labda utenzi umeimarika. Sisi hatutajua tena kama yule mtunzi alijikwaa au alinyamaza makusudi.

Silindahedi, ashukuriwe Mola, si mswada wa pekee. Injini za ukoo huu ziliundwa kadiri ya milioni 14, hadi mwaka 2000, na silindahedi kongwe bado hununulika. Nilimwambia mpwa wangu: tafuta nyingine, hiyo ndiyo ikatwe, ya babu yako ipakwe girisi, ifungwe kitambaa, iandikwe jina lake, iwekwe rafuni.

"Mjomba," akasema, "kwani gari si langu?"

Ni lake. Wala hilo silo lililonizuia usingizi. Morris Minor lina breki za dramu magurudumu yote manne, zilizopimwa kwa gari la taratibu. Anayeongeza nguvu bila kuongeza breki hajacheza na urithi wake; anacheza na mtoto wa mwenzake anayevuka barabara na chuo mkononi. Kurasa alizoniletea ni kumi na moja, na katika zote breki hazikutajwa hata mara moja. Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza neno ndani ya matini, lakini pambizo ni yake, nami niliijaza. Kitenzi cha Kiingereza kilichorudiwa humo sikukifasiri kwa "kutengeneza". Niliandika "kugeuza", kila kilipotokea.

Fundi alizisoma kurasa polepole, akaanza na za pambizoni. Kisha akamuuliza kijana anataka kwenda wapi kwa haraka hiyo, kisiwa chenyewe kikiwa ni hiki. Kijana alicheka, hakujibu. Hadi niandikapo haya, breki mpya zimeagizwa, na silindahedi ya babu ingali juu ya meza, haijakatwa na haijafungwa kitambaa.