Ndege Aliye Tunduni na Wavu wa Waya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba ndege na akawafanya kuwa umma mfano wetu sisi. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baada ya hayo. Tumeletewa suala hapa Makole, Dodoma, na mwenye kuuliza ametaka jawabu iandikwe ili na wengine waisome. Asema: Mtu ana kasuku mdogo ndani ya tundu la vyuma, amelitundika upenuni. Usiku akaja paka wa jirani, akapenyeza mkono baina ya vyuma, akamvuta ndege kwa mguu akamwua. Mwenye ndege adai thamani yake. Mwenye paka ajibu: "Paka ni paka. Ungalitia wavu, ndege wako angalikuwa hai." Mwenye ndege naye asema kuwa ajali ya kila kiumbe imekwisha kuandikwa, na wavu haungaliizuia. Kisha auliza la tatu, na nadhani hilo ndilo lililomkaa moyoni: Je, yajuzu kumtegea paka yule sumu?

Wako watakaocheka kuona karatasi na wino vikitumika kwa ajili ya kasuku mmoja. Walakini wanavyuoni wetu hawakucheka. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika kitabu chake Minhaj amemtaja waziwazi paka mwenye kuharibu ndege. Akiwa amejulikana kwa tabia hiyo, mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na asipojulikana hivyo, halipi. Basi jirani asijifiche nyuma ya neno lake. Ikiwa paka huyu amekwisha kula vifaranga vya watu mtaani, naye ajua, basi amefuga mharibifu na kumwacha huru.

Lakini maneno machache kabla ya hayo, Imam huyo huyo ataja mnyama aingiaye shamba la watu usiku akala mazao. Mwenye mnyama hulipa, illa mwenye shamba akiwapo akapuuza kumfukuza, au shamba likiwa na ukuta na mlango, naye akauacha mlango wazi. Tundu ambalo nafasi baina ya chuma na chuma yaingiza mkono wa paka, katika mtaa ambao paka wake wajulikana, mimi naliona ni shamba lililoachwa mlango wazi. Mwingine aweza kunipinga, akasema kuwa tundu lilikuwa na komeo, na komeo lilifungwa. Hoja hiyo ina uzito wake, na kadhi atakayepelekewa shauri ataipima. Nami nasema kuwa kufunga hupimwa kwa yule anayefungiwa. Boma limzuialo ng'ombe halimzuii mbuzi. Na katika mlango wa amana wanavyuoni wamesema kwamba kila kitu kihifadhiwe mahali pa mfano wake kwa desturi ya watu. Mwenye kuwekeshwa fedha akaziweka zizini, zikapotea, hawezi kusema kuwa zizi lilikuwa na mlango. Tundu lile lilifanyizwa ili ndege asitoke. Halikufanyizwa ili adui asiingie. Hayo ni mambo mawili, na watu wengi huyadhani kuwa ni jambo moja.

Hayo ni baina ya jirani na jirani, na thamani ya kasuku wataweza kuipatanisha barazani. Yaliyo baina ya mwenye ndege na Mola wake ni mazito zaidi, nayo hakuyauliza.

Kufuga ndege nyumbani si haramu. Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa akimtania mtoto Abu Umair, ndugu yake Anas, juu ya ndege wake mdogo aliyekuwa akicheza naye. Na Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 852 (1449), katika sherehe yake ya Bukhari ametoa katika hadithi hiyo dalili ya kujuzu kumweka ndege tunduni. Imam Al-Qaffal katika mashafii aliulizwa juu ya kufungia ndege ili kusikiliza sauti zao, akajibu kuwa yafaa, madhali mwenyewe anawaangalia kwa kila wanachohitaji, kwani ni kama mnyama aliyefungwa kamba. Tazama sharti hiyo. Watu wakiisoma hufikiri mtama na maji basi. Na ulinzi je? Au ndege hauhitaji?

Ndege hawa wadogo wenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano ni wenyeji wa nchi yetu hii ya kati. Huko mwituni Mwenyezi Mungu hakuwaacha bila ngome. Huruka kwa makundi, na mmoja akiona hatari hupiga kelele wote wakaondoka. Hutaga ndani ya mapango ya miti, na mibuyu ya Ugogo ina mapango mengi, yenye mlango mwembamba usiopitisha mnyama mkubwa. Sasa wewe umemtoa katika pango lake, ukamtenga na kundi lake, ukamwacha na mbawa ambazo hazina pa kwenda. Umemnyang'anya silaha zote tatu. Je, umempa nini badala yake? Ukimpa vyuma vya kumzuia yeye asitoke tu, umemfanyia paka kazi ya kukamata.

(Na kabla ya hayo ajiulize alimpataje. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata ndege wa mwituni bila kibali. Katika miaka ya 1980 kasuku wadogo wa Tanzania walinaswa kwa wingi mno wakauzwa ng'ambo, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku kupeleka nje wanyama hai wa mwituni. Kununua ndege wa mnasaji ni mlango mwingine, nami siufungui leo.)

Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka yajulikana na kila mtoto wa chuoni. Alimfungia asimlishe, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Wengi huitumia kusema juu ya chakula, na ni kweli. Lakini tazama jinsi dhambi ilivyoungana: hakutoa, na alifunga njia ya kiumbe kujitolea mwenyewe. Kama angalimwacha huru bila ya kumlisha, paka angalikwenda zake kuwinda. Kufunga ndiko kulikomfanya awe mdhamini. Basi kila njia unayoifunga kwa kiumbe, ya kula, ya kunywa, ya kukimbia, imekuwa deni juu ya shingo yako.

Ama yule anayesema kuwa ajali imeandikwa, kweli imeandikwa. Lakini bedui aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kamba na kutegemea, aliamrishwa amfunge kisha ategemee. Na mimi simwoni mtu huyu akiacha mlango wa nyumba yake wazi usiku kwa kuitegemea kadari. Mali yake huifungia kwa kufuli, na kadari humwachia kasuku.

Atasema kuwa wavu ni ghali. Haya, tuutazame. Wavu wa kuku, ule wenye macho makubwa ya pembe sita, hautoshi: humzuia kuku asitoke, lakini panya hupita, na nyoka mwembamba huingia, akammeza ndege, kisha akashindwa kutoka kwa tumbo lililojaa, asubuhi watoto wakamkuta ndani. Yatakiwa macho yasiyozidi nusu inchi. Wala usiubane wavu juu ya vyuma vyenyewe, bali uuweke mbali kiasi cha upana wa kiganja, ili kucha za paka zisimfikie ndege aliyeshika ukingo. Na waya mpya huwa umepakwa zinki; kasuku hutafuna kila kitu, na zinki ni sumu kwake. Uusugue kwa burashi na siki, uuoshe, uuanike juani, na vipande vya zinki vinavyoning'inia uving'oe. Asiyeweza hata hayo, alitie tundu ndani ya nyumba kila magharibi na kufunga mlango. Hilo halina gharama. Na asiyeweza wala hilo, ampe ndege mtu atakayeweza. Wala asidhani kumfungulia mlango ni sadaka: ndege aliyelelewa kwa mkono hajui maji yapatikana wapi katika kiangazi cha Dodoma, kianzacho Mei hata Novemba.

Sasa tuje kwa sumu. Paka akiwa katika kushambulia, yafaa kumzuia kwa kiasi cha kumwondoa, kuanzia lililo jepesi. Lakini kumwua akiwa ametulia, au kumtegea chakula chenye sumu, wanavyuoni wa madhehebu yetu walihitilafiana. Kadhi Husein aliruhusu kumwua paka mharibifu. Kauli iliyo sahihi zaidi, kama ilivyo katika Rawdha ya Imam Nawawi, ni kwamba haifai, na sababu waliyoitoa ni kuwa kujikinga naye ni jambo jepesi. Msomaji aitazame sababu hiyo. Uhai wa paka wameulinda kwa kuwa mwenye ndege anaweza kuweka kinga. Mwenye kuacha wavu kisha akatia sumu amepoteza viumbe wawili kwa kitu kimoja alichokiacha. Na sumu hiyo haichagui, italiwa na kuku wa mtu wa tatu, au itashikwa na mtoto.

Basi jawabu kwa mwenye kuuliza: sumu usiitege. Thamani ya ndege, mimi kwa upande wangu sioni kuwa unaidai, na ukitaka hukumu nenda kwa kadhi pamoja na jirani yako. Naye jirani amfungie paka wake ndani usiku, kwani kwa kumjua kwake sasa hana udhuru tena kwa ndege wa mwingine yeyote. Tundu lililobaki tupu usitie ndege mwingine ndani yake mpaka wavu uwe umekwisha kuzungushwa.