Miti ya Bethsaida

Jumapili iliyopita baadhi yenu mlininong'oneza mlangoni: mwalimu wa kwaya kapatwa na nini, mbona anaingia kanisani na miwani ya jua kama yuko ufukweni? Mmoja akasema anajidai. Nimemwomba ruhusa niwaeleze, naye amenipa. Na kwa kuwa vijana kadhaa wa usharika wameanza kuniuliza habari za kupigwa leza macho, nitaeleza niliyoyaona, maana mimi na mama mchungaji ndio tuliomsindikiza Nairobi.

Lakini kwanza mkumbukeni yule kipofu wa Bethsaida, katika sura ya 8 ya Injili ya Marko. Mathayo, Luka na Yohana hawamtaji. Yesu anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtemea mate machoni, anamwekea mikono, halafu anamuuliza kama anaona chochote. Yule bwana anatazama, anasema watu anawaona, ila wanafanana na miti, tofauti ni kwamba miti hii inatembea. Nimehubiri habari hii mara nyingi, na siku zote nilipita haraka mahali hapo nikikimbilia mkono wa pili, ule uliomalizia kazi. Mwaka huu mwalimu wetu amenisimamisha kwenye miti.

Tangu darasa la nne amevaa vioo vinene kama vitako vya chupa. Namba yake ilikuwa hasi tano. Daktari alinifafanulia maana yake kwa rula: bila miwani, kila kilichokaa zaidi ya sentimita 20 kutoka jichoni mwake kilikuwa na ukungu. Kitabu cha nyimbo aliweza kukisoma akikileta karibu na pua. Safu ya nyuma ya kwaya aliijua kwa sauti.

Tulitoka Arusha na basi dogo la alfajiri kupitia Namanga. Upimaji wenyewe ulichukua karibu nusu siku, na nashauri mtu asiuone kuwa usumbufu, kwa sababu hapo ndipo wengine huambiwa hapana. Aliye chini ya miaka 18, ambaye namba yake bado inapanda kila mwaka, mjamzito au anayenyonyesha, mwenye konea iliyodhoofika na kuchongoka: hao hurudishwa au huambiwa wasubiri. Anayevaa lenzi za jichoni huagizwa azivue siku nyingi kabla ya kupimwa, kwa kuwa zinabadilisha umbo la konea. Konea ni ule utando angavu wa mbele, kama kioo cha saa, na unene wake ni kama nusu milimita tu. Leza huuchonga utando huo ili mwanga uingiao jichoni ukutane pale panapotakiwa. Kwa namba kama ya mwalimu wetu, kinachoondolewa katikati hakizidi sana unene wa unywele mmoja.

Nikachomekea shida yangu. Nina miaka 56, Biblia naisoma kwa kunyoosha mkono. Je, mimi nami? Daktari alicheka kwa adabu. Uzee wa macho, alisema, uko kwenye lenzi ya ndani iliyokakamaa, konea haina kosa. Hata mwalimu atakapofika arobaini na kitu atahitaji miwani ya kusomea kama watu wengine. Wala leza hii haiondoi mtoto wa jicho, wala presha ya macho. Nikairudisha miwani yangu usoni.

Kuna njia mbili kubwa. Katika ya kwanza, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, akakifunua kama ukurasa, leza ikachonga chini yake, kisha ukurasa ukarudishwa bila kushonwa. Ya pili ni ya zamani zaidi: hukwanguliwa ngozi ya juu kabisa ya jicho, leza ikachonga hapo hapo juu, na jicho likaachwa liote ngozi nyingine lenyewe. Mwisho wa safari hulingana, ila njiani hazifanani hata kidogo. Konea ya mwalimu ilikuwa nyembamba kiasi, akapewa ya pili. Kijana mmoja tuliyekaa naye benchi moja alipewa ya kwanza.

Mnisamehe nitoke nje kidogo. Mwanga huo wa leza, usioonekana kwa macho, una kisa kinachomfaa mhubiri. Mwaka 1981, katika maabara ya IBM jimbo la New York, mwanasayansi Rangaswamy Srinivasan alileta kazini mabaki ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani, yeye na wenzake wakayapiga mwanga huo. Nyama ikakatika safi, pembeni haikuungua. Miaka miwili baadaye Stephen Trokel, daktari wa macho, alionyesha kwamba konea nayo inaweza kuchongwa hivyo. Nilipolisoma hilo nilifungua tena ile sura ya 8: kabla ya kufika Bethsaida, wanafunzi wanakusanya makapu saba ya mabaki. Sijengi fundisho juu ya bata mzinga. Nimefurahi tu.

Siku ya leza ilikuwa Jumatatu. Sisi tulibaki nje, kwa hiyo haya ni ya mwalimu mwenyewe. Hakulazwa usingizi, alitiwa matone ya ganzi, akashikiliwa kope wazi kwa kiwaya ili asipepese. Aliambiwa atazame taa inayomweka juu yake. Alikuwa na hofu ya wengi: je, nikitikisika? Mashine inalifuata jicho, wakamwambia. Likisogea kidogo inasogea nalo, likihama sana inajizima. Ngozi ikakwanguliwa, akahisi kuguswa bila maumivu. Kisha mlio wa tak-tak-tak na harufu kama ya nywele zilizoungua, ingawa hakuna kilichoungua. Leza yenyewe haikufika dakika moja kwa kila jicho. Mwisho wakamwekea lenzi laini badala ya bandeji, na mama mchungaji akamshika mkono kumvusha barabara.

Jumanne asubuhi tulirudi kukaguliwa. Yule kijana wa benchi alisoma ubao karibu hadi mstari wa chini, akapiga simu kwao pale pale kwa sauti ya juu. Alionywa asifikiche macho, maana kile kifuniko hakina uzi, na asiogelee kwa muda. Alitikisa kichwa huku akicheka. Mwalimu wetu alikuwa kainamisha uso, kajifunika kanga, machozi yanamchuruzika kama mkata vitunguu. Aliniuliza polepole, "Mchungaji, kwani mimi nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Njia yake ndivyo ilivyo: siku mbili tatu za kwanza jicho linachoma kama limejaa mchanga, mwanga unauma, mtu anameza dawa za maumivu na kulala chumba chenye giza. Hayo tulikuwa tumeambiwa. Jambo ambalo hatukulisikia vizuri, au tulilisikia tukalisahau, ni lile la Alhamisi. Mimi nilikuwa nimesharudi Arusha kwa ajili ya mazishi. Akanipigia analia: jana nilianza kuona vyema, leo nimerudi nyuma. Mama mchungaji akaenda kumuuliza daktari. Ngozi mpya ya jicho huota kutoka pembeni kuelekea katikati, na pale kingo zinapokutana, katikati kabisa mwa njia ya kuona, panakuwa na mkunjo kwa siku chache kabla ya kulainika. Kwa hiyo kuona kunaharibika siku ile ile kidonda kinapofunga. Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Katika miaka yangu ya kutembelea wagonjwa, wafiwa na ndoa zilizovunjika, ni mara ngapi nimemwambia mtu amerudi nyuma, kumbe kingo zilikuwa zinakutana?

Ijumaa lenzi ilitolewa, Jumamosi wakarudi. Agizo la daktari lilikuwa abaki nyumbani kwanza: asiingie jikoni penye moshi, asikae kwenye vumbi, alale na vikinga macho, atie matone kwa saa. Yule wa Bethsaida naye alitumwa nyumbani kwake na kukatazwa kuingia kijijini. Zamani nilidhani ni siri tu. Siku hizi nafikiri pia juu ya kijiji, na ushauri ambao kijiji kingempa. Maana chetu kilifika. Mmoja alileta asali ya kutia machoni, mwingine maziwa ya mama anayenyonyesha, wa tatu chupa ya mafuta ya maombezi. Nasema hili nikiwa mchungaji wenu: jicho lenye kidonda lisitiwe kitu ambacho daktari hakukiagiza, hata kama nimekiombea mimi. Na yale matone yasikatishwe kwa sababu jicho halichomi tena, wala yasiendelezwe kwa kununua chupa nyingine bila kuuliza. Baadhi, yakitumika muda mrefu, hupandisha presha ya jicho, ndiyo maana kuna tarehe za kurudi kupimwa. Miwani ya jua ataivaa nje kwa miezi, kwa sababu jua kali linaweza kuiachia konea changa ukungu. Kwa sasa anaivaa hata ndani, madirisha yetu yale yanamchoma. Basi ndiyo hayo majidai.

Sasa nikiri la kwangu. Jumapili ile ile mliyomsema, nilikuwa nimemwandika kwenye ratiba atoe ushuhuda. Nilishauona kichwani: anavua miwani, usharika unapiga vigelegele. Alinifuata sakristia akasema hawezi. Gari mbali analiona, namba yake haisomi. Macho ni makavu, yanakwama asubuhi. Taa za usiku zina miduara. Daktari amemwambia miezi mitatu, pengine sita, ndipo patulie, na miduara kwa wengine hubaki kidogo. "Nikisema nimepona nitakuwa nimedanganya, na nikisema sijapona watakuonea aibu wewe. Bado naona miti, Mchungaji."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nililikata jina lake, kisha nikahubiri nilichokuwa nimeandaa, na nadhani mliona kwamba sikuwa ndani yake. Yule kipofu aliweza kabisa kusema naona. Watu walimleta wao, walisihi wao, na aliyemgusa alikuwa amesimama mbele yake akisubiri jibu. Alisema miti, wala hakukemewa. Mkono ukarudi.

Alhamisi ya wiki hii nilipita kwenye mazoezi, jua limeshazama. Alikuwa mbele yao, miwani ya jua kaipandisha kichwani, anapepesa. Nikamuuliza anaona nini leo.

"Ile taa ya mlangoni ina ndevu," alisema. "Lakini safu ya nyuma naiona yote, Mchungaji. Besi wawili hawafungui midomo kabisa."

Hao wawili walianza kuimba papo hapo.