Je, ni Vizuri Kumpima Mtoto Angali Tumboni?



Baba mmoja na mama mmoja wa kusanyiko letu hapa Lubumbashi wamekwisha kuzika watoto wawili wa SS. Sasa mama ana mimba tena. Ndugu yao aliye Ubelgiji amewaita: mama aende kule, wanganga wampime mtoto angali tumboni, na kama ni SS, watajua la kufanya. Wazazi hao walikuja kutuuliza: Je, ni zambi?

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Munganga anaangalia tumbo kwa mashini ya ekografia, kiisha anapitisha sindano ndefu katika tumbo la mama na kuvuta maji kidogo yanayomzunguka mtoto. Hufanywa tangu juma la 15 la mimba. Njia nyingine, ya mapema zaidi, ni kutoa kipande kidogo cha kondo la nyuma. Mara chache, chini ya 1 katika 100, mimba inaharibika kwa sababu ya kazi hiyo. Tena tujue neno hili: sindano hiyo haiponyi. Inaleta habari tu.

Wengine wanasema kutafuta habari ni kukosa imani. Sisi hatusemi hivyo. Mungu anayemwumba mtoto tumboni, kama Daudi anavyoshuhudia katika Zaburi 139, ndiye aliyempa munganga akili. Lakini tunawauliza wazazi: Kiisha kujua, mtafanya nini? Kama ni kujitayarisha, mtoto anaweza kupimwa akizaliwa, kwa tone la damu ya kisigino, na kuanza kutunzwa mapema. Kama ni kumtoa, basi tunamhukumu asiyeweza kujitetea, kwa ajili ya damu tuliyompa sisi wenyewe. Hatuwezi kubariki neno hilo. Wala hatutamtupia jiwe mama aliyezika wawili.

Lakini, wapendwa, tulipokuwa tukiwajibu tuliona haya. Nani alifungisha ndoa yao? Ni sisi. Tuliuliza ubatizo, tuliuliza mahari, tuliuliza ukoo. Juu ya damu hatukuuliza. Na mtoto wa kwanza alipokufa, wengine kati yetu walisema bibi yake ni mulozi. Wanafunzi walimwuliza Yesu nani alitenda zambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, naye alikataa kumlaumu yeyote. Sisi tulimlaumu bibi. Tunamwomba msamaha mbele ya wote.

Ukweli ni huu. Katika nchi yetu, mtoto 1 mpaka 2 katika kila 100 wanaozaliwa ana SS. Si uchawi. Mtu wa AS si mgonjwa. Damu yake hata humsaidia kushindana na malaria. Lakini AS akioana na AS, kila mimba ina sehemu 1 katika 4 ya kuleta SS. Kila mimba! Si kusema kwamba mmoja akiugua, watatu wanaofuata watakuwa wazima.

Kwa hiyo sindano tunayoishauri ni ile ya mkononi, kabla ya ndoa, kwa watu wawili wazima waliokubali wenyewe. Yesu alifundisha kwamba mwenye kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Vijana, mpimwe kabla ya kupeleka mahari, maana kiisha mahari ni vigumu kurudi nyuma. Mkiwa AS wote wawili, hatutawafukuza. Mtaamua mbele ya Mungu mkiwa mnajua. Na shemasi asitangaze majibu ya mtu kusanyikoni.

Na wazazi wale? Mama alitusikiliza mpaka mwisho, kiisha akasema: "Wazee, nitabaki hapa. Lakini mtoto akikosa damu usiku, nani atatoa yake?"

Tulinyamaza. Ni rahisi kumwambia mama azae, kiisha kumwacha peke yake mlangoni mwa hospitali. Kufuata neno lake, mashemasi wanne tumekwenda kupimwa tujue makundi ya damu yetu, na majina yetu yameandikwa kwenye daftari ya kusanyiko. Daftari lina kurasa nyingi bado. Nani mwingine?

Bwana awabariki.