Hodi Mlangoni pa Kibanda

Katika darasa letu ndugu mmoja aliuliza: "Hodi ni wajibu katika nyumba, je, na katika kibanda kisicho na mlango?" Baadhi ya waliohudhuria wakacheka. Sisi hatukucheka, kwani suala hilo lilitukuta wenyewe huko Turkana, na jawabu tulilolitoa siku ile kwa vitendo lilikuwa baya.

Tulifika Lodwar, mji ulio kando ya mto Turkwel, kisha tukatoka kutazama maboma ya wenyeji. Boma lao huliita awi. Ndani ya ua wa miiba kila mke ana makao yake, ekol ya kivuli cha mchana na akai ya kulala usiku, nayo hujengwa na mwanamke mwenyewe kwa fito, makuti ya mkoma na ngozi. Tukainama, tukaingiza kichwa ndani ya akai kama mtu anayetazama kizimba cha kuku. Mlikuwa na mama akinyonyesha mwanawe. Akajifunika, asiseme neno. Mwenyeji aliyefuatana nasi, ambaye hakupata kuingia chuoni hata siku moja, akatuuliza kwa upole: "Shekhe, huko kwenu ndivyo mwingiavyo?"

La, sivyo. Surat an-Nur imetukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tutake idhini na kuwasalimu wenyewe, wala haikutaja chokaa wala boriti. Na Surat an-Nahl imezihesabu nyumba za ngozi za watu wahamao katika neema za Mwenyezi Mungu, pamoja na nyumba nyinginezo. Basi ni nani aliyetufunza kuwa hurma imo katika jiwe?

Kosa hili ni la kale. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, alibomolewa nyumba yake mwaka 58 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mwaka uliofuata akasimama mbele ya makuhani akadai kuwa nyumba ya raia ni kitu kitakatifu. Maneno mazuri! Lakini katika nyumba za matajiri wa Roma, zenye ukumbi ulio wazi juu na birika la maji ya mvua katikati, walikuwamo watumwa, na bwana hakumpigia hodi mtumwa wake. Hurma ilikuwa ya mwenye nyumba tu. Wala tusiwacheke Warumi. Nyumba zetu za mawe za Lamu, zenye madaka na zidaka, zimepangwa ili mgeni asiyaone ya ndani, na kwa hilo twajivuna. Nazo pia zilikuwa na watumwa wao, mpaka utumwa ulipofutwa kwa sheria mwaka 1907. Je, wazee wetu waliwabishia hodi?

Kutoka Lodwar tulikwenda Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120. Kambi ya hapo ilifunguliwa mwaka 1992 kwa vijana waliokimbia vita vya Sudan, kisha wakaja Wasomali, Wahabeshi, Wakongo na wengineo. Makao yao ni ya matofali ya udongo na mabati, mengine ni turubai tu. Ndugu mmoja alitupinga: ardhi si yao, basi idhini yatakwa kwa nani? Twamjibu: hodi haipigwi kwa mwenye hati, hupigwa kwa alalaye humo. Mpangaji wako wa Mombasa naye hana hati. Je, wamwingilia chumbani?

Tena mlango una upande wa pili, nao ni kutoka. Mzee Jomo Kenyatta alikaa katika nyumba huko Lodwar kuanzia 1959 hata 1961, naye hakuwa na ruhusa ya kwenda atakako. Nyumba hiyo haikuwa kwake. Mkimbizi wa Kakuma naye kwa miaka mingi hakuweza kutoka kambini bila ya kibali. Kumfungulia njia hakumo mikononi mwetu. Kumwachia neno "karibu" alitamke mwenyewe kumo.

Siku ya tatu tulirudi kwa yule mama wa Lodwar kumtaka radhi. Tukasimama nje ya ua wa miiba juani, tukabisha mara tatu. Hatukujibiwa, tukarudi zetu.